Maswali ya Wasomaji: Nadhiri za Kibuddha na Huruma ya Kila Siku

Toleo hili tunajibu barua zinazohusu nadhiri za Kibuddha. Kwa msomaji mgeni: walei, yaani wafuasi wasio watawa, huchukua miiko mitano, nayo ni kutoua, kutochukua kisichotolewa, kuepuka zinaa, kutosema uongo na kutotumia vileo. Wafuasi wa Mahayana, mkondo wa Ubuddha ulioenea Asia ya Mashariki na Tibet, huongeza nadhiri za bodhisatva, mtu aliyejifunga kufikia kuamka kamili, yaani hali ya Buddha, ili awafae viumbe wote. Barua nyingi zinauliza, "Nikivunja, itakuwaje?" Swali hilo tumelipa nafasi kubwa kuliko mengine, maana wengi wanaoiacha njia hii huiacha kwa kutojua la kufanya baada ya kuteleza.

Nafanya kazi baa. Sinywi, lakini nauza. Naweza kuchukua miiko minne nikauacha wa tano, au ni yote au hakuna?

Kuchukua michache inaruhusiwa kabisa. Katika utaratibu wa Theravada, mkondo wa Ubuddha wa Sri Lanka na Asia ya Kusini-Mashariki, anayeomba miiko mbele ya mtawa hutamka kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao, kwamba anaiomba mmoja mmoja, kusudi akivunja mmoja, mingine ibaki salama. Wabuddha wa China nao wanatambua mlei wa mwiko mmoja, wa miiko michache, wa miiko mingi na wa yote mitano, na Watibeti wanafuata mpango unaofanana na huo.

Ila kwa maelezo yako, mwiko wa tano umekwisha kuushika. Unachokataza ni kunywa. Kuuza ni suala la riziki, na riziki ina mafundisho yake: Buddha aliwataka walei waepuke biashara tano, yaani silaha, viumbe hai, nyama, vileo na sumu. Kwa hiyo chukua miiko yote mitano, halafu kazi uifikirie peke yake. Jiwekee tarehe ya kuanza kutafuta nyingine na uiandike mahali utakapoiona. Kwa sasa, zamu yako ina nafasi nyingi za huruma. Usimbembeleze mteja aongeze. Aliyekwisha lewa mpelekee maji kabla hajaagiza tena, na asiyeweza kurudi nyumbani peke yake mtafutie wa kumsindikiza.

Jihadhari na jambo moja. Ukifika mahali pa kutaka nadhiri za bodhisatva kwa mujibu wa sutra, yaani andiko takatifu, ya Brahmajala, inayotumika China, Japani, Korea na Vietnam, hesabu inageuka. Sutra hiyo ina nadhiri kuu 10 na ndogo 48. Kunywa kumewekwa kwenye ndogo, kuuza kumewekwa kwenye kuu, kwa sababu mnywaji anajiharibu mwenyewe na muuzaji anawaharibu wengi. Usizichukue kabla hujabadili kazi.

Nilifagia jikoni, sisimizi kadhaa wakafa. Nimevunja mwiko wa kwanza?

Hapana. Wafafanuzi wa Theravada wanataja mambo matano ambayo lazima yakutane ndipo iitwe kuua: pawe na kiumbe hai, ujue kwamba ni hai, uwe na nia ya kuua, ufanye kitendo, na kiumbe afe kwa kitendo hicho. Kwako nia haikuwepo. Wizi nao una matano: kitu kiwe na mwenyewe, ujue kina mwenyewe, unuie kuiba, ufanye juhudi, na kitu kihame. Uongo una manne: jambo lisiwe kweli, unuie kudanganya, utamke au utoe ishara, na msikilizaji akuelewe.

Orodha hizi zinafaa zaidi kabla ya kitendo. Anayezifungua baada ya kitendo mara nyingi anatafuta upenyo wa kutokea. Ukijua kila asubuhi kwamba sisimizi wapo, na ukaendelea kufagia vilevile, bado hujaua kwa nia, lakini uangalifu uliouahidi umelala. Wanafuata harufu iliyoachwa na wenzao, kwa hiyo kuwaua hakuzuii wengine kuja. Wafagie taratibu kwa brashi laini juu ya karatasi, watoe nje, kisha futa njia yao yote kwa maji ya sabuni mpaka kwenye tundu wanalotokea, na uzibe tundu hilo. Sukari na makombo viwe kwenye vyombo vyenye vifuniko. Usipofuta njia, kesho watarudi palepale na utajikuta umeshika dawa ya kupuliza.

Mimi ni muuguzi. Mgonjwa ananiuliza kama atapona. Ndugu zake wameniomba nimfiche. Huruma si inaruhusu uongo mdogo?

Mwiko wa nne hauna kifungu cha uongo wa huruma, na tunashauri usijitungie. Ulicho nacho ni vipimo vitano vya neno jema: lisemwe kwa wakati wake, liwe kweli, liwe la upole, liwe na faida, litoke kwenye moyo wa upendo. Neno la kweli lililokosa vipimo vingine linaweza kungoja. Kungoja si kudanganya, mradi usimwachie mtu picha ya uongo ukijua.

Akikuuliza, kaa kwanza, macho yenu yawe usawa mmoja. Muulize, "Umeelezwa nini mpaka sasa?" Kisha, "Ungependa kujua mambo yote, au baadhi tu?" Wapo watakaokwambia hawataki kujua, na hapo hakuna tena la kuficha. Akitaka kujua na kazi yako hairuhusu kueleza, sema, "Swali hili ni la daktari. Nitamwomba aje leo," halafu umwombe kweli, siku hiyohiyo. Usiseme "sijui" kama unajua. Ndugu nao waambie mapema, nje ya chumba: "Mimi sitaanza kumwambia. Lakini akiniuliza, sitamdanganya." Wakisikia hivyo, mara nyingi wao wenyewe huanza kutafuta namna ya kuzungumza naye.

Buddha alimfundisha mwanawe Rahula, katika mazungumzo yanayohusu uongo hasa, ajikague mara tatu: kabla ya tendo, likiwa linaendelea, na likiisha kutendeka. Je, litanidhuru mimi, mwingine, au sote wawili? Mfalme Ashoka wa India, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyataja mafundisho hayo ya Rahula kwenye maandishi ya jiwe, akitaka watawa na walei wayasikilize mara kwa mara. Ukaguzi wa katikati ndio unaosahauliwa. Ukigundua umekwisha fika nusu ya sentensi ya uongo, simama hapohapo useme, "Hapana, ngoja nikueleze vizuri."

Mimi ni mtoto wa kwanza na kila mwenye shida huja kwangu. Tangu nichukue nadhiri za bodhisatva siwezi kukataa mtu, na nimechoka mpaka nawachukia wanaonipigia simu. Nimekosea wapi?

Umeongeza kwenye nadhiri kitu ambacho hakimo. Kweli, orodha ya Kitibeti, ambayo si ile ya Brahmajala, ina nadhiri kuu 18 na ndogo 46, na miongoni mwa hizo ndogo zimo za kumhudumia mgonjwa, kuwasaidia wenye haja, kuwafariji wenye huzuni na kukubali mwaliko. Lakini chimbuko lake ni maandishi ya Asanga, mwanazuoni wa India wa karne ya 4, na yeye hakuishia kwenye amri. Alitaja na hali ambazo kutotenda si kosa: wewe mwenyewe unaumwa, uwezo huna, umekwisha shika kazi nyingine ya haki, umemtafuta mwingine afanye, mgonjwa ana mtu wa kumtunza, au msaada wenyewe utamletea madhara anayeomba. Walimu wengi wanafundisha orodha ya nadhiri na kupita haraka kwenye orodha ya hali hizi. Tunaona ni hasara kubwa, kwa sababu anayeumia ni mtu kama wewe, mwenye moyo wa kutoa.

Asanga pia alipambanua sababu. Anayekataa kwa hasira au kinyongo ana kosa zito; aliyesahau ana kosa jepesi. Sasa tazama ulipofika: unatoa huku unachukia. Kwa nje umeshika nadhiri, ndani kinachokua ni kile nadhiri ilikuja kukitibu. Wafafanuzi wa kale walionya kwamba huruma ina adui wa mbali na adui wa karibu. Wa mbali ni ukatili, na huyo kila mtu anamjua. Wa karibu ni huzuni, ule uzito wa kubeba kila simu moyoni mpaka ulale nayo, na huyu anafanana sana na huruma yenyewe.

Kuna jambo la kufanya leo. Amua kiasi cha fedha na idadi ya saa unazoweza kutoa kwa mwezi bila kujuta, uandike kabla simu haijaita. Wakati wa simu huna utulivu wa kuamua. Kisha kwa kila ombi jiulize matatu: Je, hii ni haja au mazoea? Ni mimi peke yangu ninayeweza? Nikitoa leo, kesho nitampokea mtu huyuhuyu kwa uso mkunjufu? Jibu la tatu likiwa hapana, punguza. Shantideva, mtawa wa karne ya 8 wa Nalanda, chuo cha watawa cha India, alieleza kwamba mafunzo ya kutoa huanzia kwenye vitu vidogo, akataja hata mboga, ndipo mtu apande taratibu kadiri moyo unavyozoea. Alionya pia mtu asiutoe mwili wake kwa jambo dogo huruma yake ikiwa bado changa. Uchovu wako ni sehemu ya mwili huo.

Tena kutoa si fedha tu. Mafundisho yanataja aina tatu: kutoa mali, kumwondolea mtu hofu, na kutoa dharma, yaani mafundisho. Kwa hiyo unaweza kusema, "Mwezi huu fedha sina. Jumamosi nitakuja tukae tupige hesabu ya deni hilo pamoja." Umekataa fedha, umeondoa hofu. Usitoe visingizio, kisingizio cha uongo kitakutoa kwenye mwiko wa nne ili kulinda nadhiri ambayo haikudai chochote.

Nilichukua nadhiri za bodhisatva mwaka jana. Juzi nimegombana na mdogo wangu juu ya mirathi, nikamtukana. Alipokuja kuniomba radhi nikamfungia mlango. Nimesoma kwamba kukataa radhi ni miongoni mwa makosa makuu. Nadhiri zangu zimekwisha?

Ni kweli, kumkataa anayeomba radhi kumo katika nadhiri kuu 18 za Kitibeti. Hata kujibu tusi kwa tusi, hasira kwa hasira, pigo kwa pigo na lawama kwa lawama kumetajwa, kwenye zile ndogo 46. Lakini nadhiri hizi hazipasuki kirahisi hivyo. Ili nadhiri kuu ivunjike kabisa, hali nne zinatakiwa ziwepo zote, tangu nia inapozaliwa mpaka tendo linapoisha: huoni ubaya wa unachofanya, huna nia ya kukiacha, unakifurahia, na huna haya wala hujali kitakavyowaathiri wengine. Ikikosekana hata moja, nadhiri imejeruhiwa, haijaondoka. Ni mambo mawili tu yanayoivunja bila hali hizo nne: kuitupa kabisa azma ya kuamka kwa ajili ya wengine, na kushikilia mtazamo potofu, kwa mfano kukana kwamba matendo yana matokeo. Umeandika barua, umeuliza. Kwa hiyo aibu ya ulichofanya unayo. Na hata kama hali zote nne zingekuwepo, nadhiri za bodhisatva zinaweza kuchukuliwa upya.

Sasa marekebisho. Yana nguvu nne, na zinafanyika kwa mpangilio.

Ya kwanza ni kimbilio. Kaa mahali patulivu, kumbuka Buddha, Dharma na Sangha, yaani jumuiya ya watawa, kumbuka na azma yako kwa viumbe wote, mdogo wako akiwa mmoja wao. Dakika mbili tatu zinatosha.

Ya pili ni majuto. Litaje kosa kwa sentensi moja yenye kitenzi, bila sababu na bila kujisifia unyonge: "Nilimtukana mdogo wangu, na alipokuja kuniomba radhi nilimfungia mlango." Ukiongeza "kwa sababu na yeye aliniambia kwamba...", anza upya. Watu wengi hapa huingia kwenye kujilaani, wakadhani ndiyo toba. Mafundisho ya Tibet yanatoa mfano wa watu watatu waliokula sumu ileile: mmoja amekufa, wa pili anaumwa, wa tatu bado hajisikii vibaya lakini ameona yaliyowapata wenzake. Majuto yanayotakiwa ni ya huyu wa tatu. Hapotezi muda kujichukia, anatafuta dawa.

Ya tatu ni azma ya kutorudia, na hapa ndipo wengi wanapojitega. Ukiapa "sitakasirika tena maisha yangu yote", umeongeza uongo juu ya tusi. Weka muda unaouweza: "Mpaka jua la kesho litakapozama, sitamjibu mdogo wangu kwa ukali." Kesho jioni ongeza siku nyingine. Kwa makosa usiyoyatenda mara kwa mara unaweza kuahidi maisha yote; kwa ulimi, saa ishirini na nne ni nyingi.

Ya nne ni tendo la kufidia. Mapokeo yanataja mengi: kukariri mantra, yaani maneno matakatifu, ya Vajrasattva, Buddha wa utakaso, kusujudu, kusoma sutra, kutoa sadaka, kukaa katika kutafakari. Yote ni mema. Lakini tunasema kwa mkazo: aliyeumizwa akiwa hai na anafikika, tendo la kwanza ni kumwendea. Kukariri mantra mara elfu moja huku mdogo wako bado amekaa na tusi lako ni kuikimbia nadhiri kwa kutumia vifaa vyake.

Nenda mwenyewe, si kwa ujumbe wa simu, na usisubiri hasira iishe yote, kwa sababu inaweza kukaa mwezi mzima. Sema kwa kifupi: "Mdogo wangu, juzi nilikutukana, na ulipokuja kuniomba radhi nilikufungia mlango. Nilikosea. Nimekusamehe, na naomba unisamehe." Usitumie neno "kama", kwamba "kama nimekukosea", kwa sababu umekosea. Usitaje kosa lake. Usiguse mirathi siku hiyo. Omba kikao kingine kwa ajili yake, mbele ya mtu mnayemheshimu wote wawili. Ukishasema, nyamaza. Akikufungia mlango kama ulivyomfungia, upande wako umetimia kwa siku hiyo. Usimlaumu, usigonge mara ya pili. Rudi baada ya wiki moja, au umtume mkubwa wa familia. Epuka pia kumwomba radhi kila siku ili akutulize wewe, maana hapo unamtwisha mzigo mwingine.

Na fanya haya mapema. Inasimuliwa kwamba Atisha, mwalimu wa Kihindi aliyefika Tibet katika karne ya 11, alikuwa akigundua amekosea, hata wazo tu, husimama palepale alipo akaungama, akiwa na stupa, yaani mfano wa mnara mtakatifu, ndogo ya mbao aliyosafiri nayo. Kosa lililolala usiku mmoja huamka na utetezi.

Nina watoto watatu wadogo. Mwalimu ametutaka tukumbuke nadhiri mara sita kwa siku. Muda naupata wapi?

Mara sita ni utaratibu wa zamani wa Tibet, tatu za mchana na tatu za usiku, na hakuna aliyesema kila mara iwe nusu saa. Dakika moja hadi mbili inatosha. Usitegemee saa ya ukutani, utapitwa. Funga kila mara kwenye jambo ambalo litatokea upende usipende: kuamka, kabla ya chakula cha asubuhi, kabla ya cha mchana, unaporudi au watoto wanaporudi, wakishalala, na kabla wewe hujalala.

Chukua daftari dogo liingie mfukoni. Asubuhi andika nadhiri sita, moja kwa kila mara. Ukiwa na nadhiri za Kitibeti, 18 na 46 ni 64, kwa hiyo kwa sita kila siku utazimaliza zote ndani ya siku kumi na moja, ndipo urudie. Mwenye miiko mitano tu aweke mitano, na ya sita iwe ile iliyomsumbua jana. Kila mara ukifika, andika mistari mitatu: jema lililohusu nadhiri hiyo tangu mara iliyopita, kosa lililoihusu, na utakachofanya mpaka mara ijayo. Mfano, kwenye nadhiri ya kutojibu hasira kwa hasira: "Jema: mtoto alimwaga uji, nikafuta bila kelele. Kosa: nilimkaripia mkubwa kwa sababu ya kelele za mdogo. Sasa: kabla ya kumwita jina, nitashusha pumzi mara moja."

Makosa yanajirudia kwa karibu kila anayeanza. La kwanza ni kujaza mara zote sita usiku kabla ya kulala. Hapo daftari limekuwa shajara, na nadhiri haikukugusa mchana kutwa. Mara mbili za kweli zina thamani kuliko sita za kubuni. La pili ni maneno ya jumla: "nilikuwa na subira". Kwa nani? Saa ngapi? Ukishindwa kujibu, hukuona kitu. La tatu ni kuacha mstari wa jema kwa kudhani ni majivuno. Ben Gungyal, mtawa wa Tibet wa mkondo wa Kadam aliyekuwa mnyang'anyi kabla ya utawa, alihesabu mawazo yake kwa vijiwe: cheusi kwa baya, cheupe kwa jema. Mwanzoni vyeusi vilijaa, na kwa miaka vyeupe vikapanda. Bila vyeupe asingejua.

Sina mwalimu karibu, na mimi ni wa dini nyingine. Naweza kushika miiko hii?

Kinachomfanya mtu kuwa Mbuddha ni kukimbilia Buddha, Dharma na Sangha. Miiko mitano unaweza kuishika kama mafunzo ya mwenendo bila kimbilio hicho, na hakuna anayekukataza. Aliye Mbuddha na hana mtawa karibu anaweza kuichukua mwenyewe, kwa kuitamka kwa sauti. Nadhiri za bodhisatva ni bora zipokelewe kwa mwalimu anayezishika. Asipopatikana, Asanga ameruhusu zichukuliwe mbele ya sanamu ya Buddha. Tofauti ya muda ikumbukwe: miiko ya mlei hudumu mpaka kifo, nadhiri za bodhisatva huchukuliwa mpaka kuamka kamili.

Nikitafakari upendo nikamleta moyoni mtu aliyenidhulumu, hasira inapanda badala ya kushuka.

Umemleta mapema mno. Buddhaghosa, mfafanuzi wa Theravada wa karne ya 5, alipanga hivi: anza na wewe mwenyewe, kisha mtu unayemheshimu, kisha rafiki mpendwa, kisha mtu usiyempenda wala kumchukia, na adui awe wa mwisho. Alikataza pia kuanza na mtu ambaye moyo unaweza kumgeuza kuwa tamaa, na kumtumia marehemu, kwani hapo utafakari hautulii.

Kwa kikao cha dakika ishirini, tumia kumi kwako na kwa unayemheshimu, saba kwa rafiki na kwa mtu wa kawaida, kama yule anayekuuzia gazeti usiyemjua jina. Zinazobaki ndizo za adui, na katika wiki za kwanza usimweke kabisa; zirudishe kwa rafiki. Maneno yawe machache: "Awe salama. Awe na afya. Moyo wake utulie." Hasira ikipanda, usishindane nayo, rudi kwa rafiki mpaka kifua kilegee. Ukiona maneno ni ya mdomoni tu na moyo mkavu, endelea. Kinachopandwa pale ni nia, na hisia ina wakati wake. Huyo aliyekudhulumu huna deni la kumwamini wala kumrudishia funguo. Unachomtakia ni kupona na yale yaliyomfanya adhulumu.

Kila wiki tunakariri, "Viumbe hawana idadi, naahidi kuwavusha." Ninawezaje kuahidi lisilowezekana na bado nikadai sisemi uongo?

Uongo unahitaji nia ya kudanganya, nawe huna. Hiyo ni ya kwanza ya nadhiri nne kuu zinazokaririwa Asia ya Mashariki, na zote nne zimeandikwa kwa ukubwa uleule: uchafu wa moyo hauna mwisho, naahidi kuukomesha, milango ya dharma haihesabiki, naahidi kujifunza, njia ya Buddha haina kifani, naahidi kuitimiza. Zimepanuliwa hivyo kusudi asibaki mtu wa kuachwa nje. Ukiwa umekata tamaa na jirani mmoja, nadhiri hii ndiyo inayokukatalia kusema "isipokuwa yeye". Itumie hivyo: ukishaikariri, taja jina la mtu mmoja ambaye leo ungependa kumwondoa kwenye hesabu, na uamue tendo moja dogo kwa ajili yake kabla ya kikao kijacho.

Siku za Uposatha nachukua miiko minane. Nikimaliza kula saa sita na nusu mchana, siku imeharibika?

Uposatha ni siku za Wabuddha za kuzidisha maadili, zinazofuata mwandamo wa mwezi. Miiko minane ni ile mitano, ila wa tatu unakuwa kujizuia kabisa na tendo la ndoa, kisha inaongezwa mitatu: kutokula baada ya adhuhuri, kuacha burudani, manukato na mapambo, na kutolalia kitanda kirefu cha anasa. Mpaka wa chakula ni jua kufika kileleni, ambako hakulingani na saa sita kamili kila mahali. Kwa kuwa jua hutangulia au kuchelewa, panga kumaliza saa tano na nusu ili usiwe na shaka. Ukivuka mpaka kwa kujua, umevunja mwiko wa sita, na mingine saba inaendelea mpaka alfajiri ya kesho inapoisha yenyewe. Baada ya mpaka, maji, dawa na maji ya matunda yaliyochujwa yanaruhusiwa. Mwenye vidonda vya tumbo au anayetumia dawa za kisukari asijilazimishe mwiko wa sita. Achukue miiko mitano, na muda wa jioni autumie kutafakari au kumtembelea mgonjwa.